Vijana Waliotupwa na Jamaa Zao: Maoni Juu ya Vitabu Vinne vya Hadithi

Katika majumba yetu mengi kitabu cha hadithi bado huingia kwa kificho. Kijana hukilaza chini ya mto, msichana hukifunika kwa daftari la hesabu, na mzazi akikifuma hukitwaa, akasema: "Wacha uongo huu, kasome masomo yako." Wazazi wa namna hii twawafahamu, wala hatuwalaumu kwa kuchunga, kwani mtoto ni amana na amana huchungwa. Ila twapenda kuwauliza swali moja: Je, hicho mlichokitwaa mmekisoma?

Sisi tumevisoma vinne katika miezi hii iliyopita. Hatukuvisoma kwa kuwa tu wanazuoni. Elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na ya shule ya msingi, na kazi yetu ni kuwasomesha watoto tangu alifu hata wakahitimu. Tumevisoma kwa kuwa wanafunzi wetu wanavisoma, na haimpasi mwalimu kukikataza asichokijua wala kukisifu asichokijua. Viwili katika hivyo vimepata kufundishwa katika shule za sekondari za Tanzania, kimoja ni cha tangu zama za wazee wetu, na kimoja kimefasiriwa kwa Kiswahili juzi juzi. Hatukuvichagua kwa kufanana. Lakini tulipovifunga vyote tuliona kuwa vinne hivi vyataja jambo moja, nalo ni habari ya kijana aliyedhulumiwa na wale waliopaswa kumlinda.

Hadithi na uongo

Kabla ya kuingia ndani yafaa tuliondoe njiani neno hilo la uongo. Mwongo ni yule akuelezaye jambo lisilokuwa, akataka usadiki kuwa limekuwa. Mtunzi wa hadithi hafanyi hivyo. Yeye humwambia msomaji waziwazi kuwa hiki ni kisa alichokitunga, nao wawili wakaelewana tangu mwanzo. Bibi zetu waliotusimulia habari za Sungura na Fisi baada ya chakula cha usiku hawakuwa waongo, wala hapana mtoto aliyetaka Sungura aitwe kwa kadhi atoe ushahidi. Hadithi ni mfano, na mfano hupimwa kwa kile unachomwonyesha mtu. Ukimwonyesha haki akaipenda, ni mfano mwema. Ukimpambia uovu akautamani, ni mfano mbaya, hata kama kila neno lake limetokea kweli. Kwa mizani hiyo ndivyo tulivyovipima vitabu hivi.

Adili na Nduguze

Kitabu cha kwanza ni Adili na Nduguze, cha marehemu Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Adili ni liwali wa Janibu chini ya Rai, mfalme wa Ughaibu. Mjumbe wa mfalme, Ikibali, alimwona Adili usiku akiwapiga manyani wawili kwa mjeledi, kisha akawalilia na kuwalisha. Habari ilipomfikia mfalme, Adili alitakiwa aeleze, ikadhihiri kuwa manyani hao ni nduguze wa damu, Hasidi na Mwivu. Walikuwa wameufuja urithi wao. Adili akawagawia katika mali yake. Na malipo yao yakawa ni kumtosa baharini. Huria, jini ambaye Adili alipata kumwokoa, ndiye aliyewageuza manyani na kumlazimisha ndugu yao awapige kila usiku. Waliosoma Alfu Lela Ulela wataitambua asili ya kisa hiki. Huko ndugu hao waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani, akakivika kisa kizima nguo za Kiswahili.

Kwa lugha, kitabu hiki ni hazina, na kijana akisome kwa sauti ili sikio lake lizoee Kiswahili fasaha. Lililotupendeza kuliko yote ni ule mjeledi wa usiku. Adili amepewa ruhusa, tena amri, ya kumwadhibu aliyemdhulumu, na hakuna raha anayoipata. Kila pigo analowapiga humrudia moyoni. Vijana wetu wenye kuapa kulipiza kisasi na wausome ukurasa huo mara mbili.

Aibu yake twaiona katika majina. Mtu akiitwa Hasidi, nani atamtarajia kutenda wema? Duniani mambo hayako hivyo. Hasidi halisi ana jina zuri, huenda msikitini pamoja nasi, na pengine ni sisi wenyewe. Tena kisa chaisha kwa amani: mfalme Rai awaombea msamaha, manyani warudi kuwa watu, na udugu waungwa. Kijana hukifunga kitabu moyo wake umetulia. Utulivu huo ni mzuri, lakini haumwachii kazi. Kazi imekwisha fanywa na mfalme, na majini wamemsaidia.

Takadini

Kitabu cha pili ni Takadini cha Ben Hanson, ambacho chapa yake ya Kiswahili ni ya mwaka 2004. Mambo yake yako zama za kale katika nchi ya Washona, ambayo leo ni Zimbabwe. Sekai, mke wa Makwati, alikaa muda mrefu bila ya mtoto. Alipojaaliwa, akamzaa mtoto mwenye ualbino, na mila ya watu wake ilihukumu kuwa mtoto kama huyo asiishi. Mama akambeba mwanawe akatoroka. Katika kijiji cha ugenini akapata hifadhi kwa mzee Chivero, mpiga mbira, naye akamfundisha kijana ufundi wake. Jina Takadini kwa Kishona ni swali, maana yake: Tumefanya nini?

Lililotugusa ni hili: waliotaka mtoto afe hawakuwa wahuni. Walikuwa wazee wa heshima, wenye kulinda ada za kwao, na kila mmoja angeapa kuwa atenda jema. Dhuluma inayofanywa na mwizi huonekana upesi. Inayofanywa na baraza zima la wazee huitwa desturi.

Asitokee msomaji akasema kuwa hayo ni ya watu wa mbali na ya zamani. Tanzania imeshuhudia, hasa tangu mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya ushirikina. Na katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2010, watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Bar'wan kuwa mbunge wao, wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni kwa kura za wananchi. Mauaji yale na kura zile ni kazi ya watu wa taifa moja. Basi kila nyumba na ichague iko upande gani.

Kitabu hiki tuna neno la kukiuliza. Heshima ya Takadini kijijini huja pamoja na ustadi wake wa mbira. Je, na asiyejua kupiga mbira? Mtoto hapaswi kwanza kuwa fundi wa jambo ndipo ahesabiwe kuwa mtu. Sisi walimu twalihitaji fundisho hili zaidi ya wengine. Mtoto mwenye ualbino aghlabu huwa na uoni hafifu. Akiketishwa nyuma haoni ubao, akipewa juzuu yenye herufi ndogo huvuta macho, na pengine huambiwa kuwa ni mzito wa kusoma, kumbe haoni. Mahali pake ni mbele, kivulini, na kofia yake ya ukingo mpana asivuliwe akiwa juani.

Watoto wa Mama Ntilie

Cha tatu ni Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, kilichotolewa mwaka 2002. Hiki ni kisa cha Dar es Salaam, na hamna ndani yake mfalme wala jini. Mama auza chakula. Mumewe, Lomolomo, anywa pombe. Watoto wao, Peter na Zita, wafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wakaangukia mitaani na majalalani, kwenye watoto wenzao walio katika hali hiyo hiyo.

Tuseme kweli: kitabu hiki ni kizito. Msiba hupanda juu ya msiba hata msomaji hana pa kupumua, na kijana mwenye moyo mwepesi asiachwe nacho peke yake. Lakini chatenda jambo ambalo Adili na Nduguze hakikulitenda. Humwoni mtu mmoja ukamnyoshea kidole, ukasema huyu ndiye aliyeleta yote. Mlevi ni mmoja, ila waliopita njia wakawaona watoto wakaenda zao ni wengi, na kila mmoja alikuwa na udhuru wake.

Baadhi ya mambo yamebadilika tangu kitabu kitoke. Serikali ya Tanzania iliifuta ada ya shule zake za msingi mwaka 2001, na tangu mwaka 2016 imeiondoa pia ada ya kidato cha kwanza hata cha nne. Hata hivyo sare bado hununuliwa, na daftari, na viatu. Mtoto akirudi nyumbani saa mbili asubuhi kwa kukosa kimoja katika hivyo, jirani mwenye watoto walioacha sare zilizowabana anaweza kuumaliza msiba huo kabla ya adhuhuri.

Peponi

Kitabu cha nne ndicho kilichotukesha. Ni Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikitunga kwa Kiingereza kikatoka mwaka 1994, na mwaka 2022 kikatolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota, mfasiri wake akiwa Ida Hadjivayanis. Miaka 28 kitabu kilichotungwa juu ya pwani yetu na bara yake kilingojea kusomeka kwa lugha yetu.

Mambo yake ni ya zama za Wajerumani, kabla ya vita vikuu vya mwaka 1914. Yusuf ni mtoto wa miaka 12, na baba yake ana hoteli ndogo inayokwenda hasara. Bwana Aziz, tajiri wa pwani, huja kuwatembelea, na kila aondokapo humpa mtoto sarafu. Mtoto humwita ami. Siku moja Yusuf aambiwa kuwa atasafiri na ami yake, akapanda gari la moshi kwa furaha, na hapana aliyemweleza kuwa amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Khalil, kijana wa dukani kwa tajiri, ambaye naye ni rehani, ndiye amwelezaye kwamba yule si ami yake.

Iko sehemu moja ambayo mwalimu wa chuo hawezi kuipita upesi. Yusuf ameachwa bara kwa Hamid, mwenye duka, na mkewe Maimuna. Mwezi wa Ramadhani waingia, na wenyeji wagundua kuwa kijana hajui kusoma Kurani. Washtuka sana, wamtia chuoni pamoja na watoto wadogo, naye kwa juhudi yake awafikia upesi. Mshtuko wao ulikuwa wa haki. Lakini hatukuwaona wakishtuka vivyo hivyo kwa kuwa mtoto amechukuliwa badala ya fedha. Herufi alizozikosa waliziona. Nyumba aliyoikosa hawakuiona.

Aijuaye Sura ya Yusuf ataona haraka kuwa mtunzi ameifuata na kuiacha. Kijana ni mzuri wa sura, ameuzwa mbali, mke wa bwana wake amtamani, nguo yake yapasuliwa kwa nyuma. Lakini Nabii Yusuf alitoka kisimani na gerezani akawa mshika hazina wa Misri, na ndugu zake walipomjia na njaa aliwasamehe. Yusuf wa kitabuni hakupewa hazina. Mwishoni, askari wa Kijerumani wamekwisha pita wakikamata vijana, naye atoka mbio kulifuata jeshi lile lile alilojificha lisimwone. Hapo kitabu chaisha. Wako watakaokasirika, wakasema: Huu ni mwisho gani?

Sisi twauona ni mwisho wa kweli. Kijana ambaye tangu utotoni hakuulizwa alitakalo, siku mlango ukifunguka hukimbilia popote. Katika kitabu hicho hicho yumo mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa, kwa hoja kwamba uhuru haukuwa mali yao hata wampe. Mzee alikuwa na neno lake moyoni, na Yusuf hakupata wa kumfundisha alipate lake. Katika Adili mfalme aliimaliza kazi. Katika Peponi hakuna aliyeimaliza, basi imebaki mikononi mwa msomaji.

Rehani wa leo

Msomaji atauliza: Nani leo amwekaye mwanawe rehani? Hapana aandikaye hati, ni kweli. Lakini ndugu wa mjini huja kijijini kwa arusi, akamwona mtoto mwenye adabu, akasema: "Nipeni huyu nikamsomeshe." Mtoto hufungiwa nguo zake mfukoni, akapanda basi kwa furaha kama Yusuf alivyopanda gari la moshi.

Wako wanaosomeshwa kweli, na Mwenyezi Mungu awalipe waliowalea. Wako pia wanaoamka kabla ya alfajiri kuchota maji, wakaosha vyombo, wakabeba watoto wa mwenyeji, na shule hawaijui ila kwa sare za wenzao wanazozipiga pasi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa ndio umri wa chini kabisa wa kumwajiri mtoto. Lakini huyu hakuajiriwa, wala mshahara hana. Wageni wakiuliza ni nani, huambiwa: "Huyu ni kama mtoto wetu." Neno hilo "kama" ndilo la kupimwa. Watoto wa nyumba wanalala wapi, na yeye analala wapi? Wao wanakula saa ngapi, na yeye saa ngapi? Wakiugua wanapelekwa wapi, na yeye hupewa nini?

Hata sisi walimu twawaona. Alasiri watoto wa nyumba huja chuoni, na msichana wa kijijini, mkubwa wao kwa miaka miwili au mitatu, huwaleta hata mlangoni amewashikia juzuu zao. Wao huingia. Yeye hurudi jikoni. Wenye nyumba hizo hukasirika wakisikia kuwa mtoto fulani mtaani hajui Fatiha, na anayewaletea watoto wao chuoni kila siku hawakumwuliza anajua nini. Mwenye kuwa na mtoto huyo nyumbani hana haja ya kungojea amalize kitabu ndipo ajue la kufanya. Kesho alasiri amwache aingie, na mwalimu asimdai ada.

Namna ya kuvisoma nyumbani

Kwa wazazi tuna nasaha tatu. Ya kwanza, kila kitabu na umri wake. Adili na Nduguze chamfaa mtoto wa miaka kumi na zaidi. Takadini na Watoto wa Mama Ntilie na vingoje miaka 13 au 14. Peponi si cha watoto, ijapokuwa mwenyewe ni mtoto. Mna mazungumzo ya wapagazi na mambo ya matamanio yasiyomfaa mdogo, nasi twaona apewe kijana aliyefika miaka 17 au 18, mzazi akiwa amekwisha kisoma.

Ya pili, kisomwe wazi. Kitabu kinachosomwa chini ya mto hakiulizwi maswali. Baada ya Isha, kurasa kumi kwa sauti, baba au mama akisikiliza, ni bora kuliko kitabu kizima kilichosomwa gizani.

Ya tatu, kisha kusomwa, msimwulize kijana, "Umejifunza nini?" kama mtihani wa shule. Mwulizeni: "Katika kisa hiki, ni nani aliyeweza kusaidia akanyamaza?" Swali hilo hulitoa neno moyoni. Na mkiwa hodari, ongezeni la pili: "Hapa kwetu, ni nani?" Ila mjitayarishe kwa jibu, kwani watoto huona mengi ambayo wakubwa hudhani yamefichika.

Nanyi vijana, mkipenda kisa kinachoisha vizuri hatuwakatazi. Hata sisi twakipenda. Lakini mkikutana na kisa kinachoisha vibaya msikitupe upesi. Kiulizeni kimebakiza nini. Pengine aliyebakizwa yumo nyumbani mwenu, analijua jina lako na la kila ndugu yako, na hapana katika nyinyi ajuaye jina la mama yake. Mwulizeni leo.